Madaftari ya Tokyo, jasho la Dar

Shajara yangu ya kwanza ilikuwa kaunta buku la kwaya mbili ambalo mama alininunulia nilipoingia kidato cha pili, niandikie Historia. Historia haikupata hata ukurasa. Tangu hapo kila usiku lazima niandike, hata kama ni mistari mitatu, na kwa miaka mingi sikujali ninaandikia nini. Biki ikiisha nanunua biki.

Ugonjwa ulinianzia Tokyo. Ofisi ilinipeleka mafunzoni siku kumi, na Jumamosi moja tu ndiyo ilikuwa yangu. Wenzangu walikwenda kutafuta simu na kamera, mimi nikashuka Ginza kwenda Itoya, duka la vifaa vya kuandikia lililoanza mwaka 1904. Huwezi kulikosa, maana nje wametundika klipu nyekundu ya karatasi. Nilitarajia steshenari kubwa kiasi, kumbe ni jengo zima, ghorofa juu ya ghorofa. Niliingia saa nne asubuhi wanafungua, nikatoka njaa inaniuma na sijaona nusu.

Raha yake ni kwamba wanakuacha ujaribu. Mbele ya kila safu ya kalamu kuna vikaratasi, watu wamechora viduara na herufi zao, nami nikaandika “Kigamboni” kwa kalamu kama ishirini hivi. Mhudumu alipita mara mbili, akainamisha kichwa, akaendelea na shughuli zake. Kariakoo ningeshaulizwa, “Dada, unanunua au unachezea?”

Hapo ndipo nilipojifunza jambo la nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu ya wino. Kalamu za wino za Kijapani zenye alama ya F, yaani nibu nyembamba, huandika mstari mwembamba kuliko F ya Ulaya, kwa sababu kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, zina vistari vingi vya kubanana ndani ya nafasi ndogo. Mwandiko wangu ni wa kulala na kuunganisha, kwa hiyo F ilinikwaruza nikachukua M, ya kati. Nilichagua Pilot Kakuno, kalamu ya yeni elfu moja na ushei, iliyotoka mwaka 2013 ikilenga watoto wanaoanza kutumia kalamu ya wino. Nibu yake imechorwa kijiso kinachotabasamu. Ukikiona kinakutazama, ujue umeishika sawasawa. Kwa mtu mzima mwenye mkopo benki ni jambo la kuchekesha, lakini mpaka leo ndiyo kalamu ninayoishika kila usiku. Niliongeza kipampu cha kuvutia wino na chupa moja ya wino wa Iroshizuku rangi ya kon-peki, buluu ya maji ya Mbudya saa sita mchana. Kipampu usikisahau. Vibomba vya wino vya Pilot ni vya umbo lake wenyewe, na hapa Dar vikikuishia utabaki na kijiso kinachokuchekelea bure.

Penseli ya Kuru Toga nayo niliinunua kwa hamu. Ndani ina kijigurudumu kinachozungusha risasi kidogo kila unapoinua penseli kwenye karatasi, ili ncha isilike upande mmoja. Miguso arobaini ni mzunguko mmoja kamili. Ufundi mtamu, ila fikiria nani anainua penseli mara nyingi. Mwandishi wa kanji anainua kila kistari. Mimi nikiandika “tutakapokutana” kwa mwandiko wa kuunganisha nainua mara moja, mwishoni, nikakate t zangu. Nimempa mpwa wangu anayeandika herufi mojamoja, anaifurahia sana.

Lakini hayo yote ni mapambo. Kitu chenyewe ni karatasi, na hapa nina la kusema.

Nilinunua Hobonichi Techo, shajara ya ukurasa mmoja kwa kila siku iliyobuniwa chini ya Shigesato Itoi, mwandishi wa matangazo, ikaanza kuuzwa mwaka 2001 kwa ajili ya mwaka 2002. Ile ya kawaida ni saizi ya A6, inaingia kwenye mkoba bila kupiga kelele. Siku zote 365 zimekaa ndani ya kitabu kisichofikia unene wa msahafu mdogo, kwa sababu karatasi yake, Tomoe River, ina gramu 52 tu kwa mita ya mraba. Karatasi ya kutolea fotokopi ina 80. Ukiigusa unadhani utaitoboa. Ukiiandikia kwa wino wa majimaji, wino haupenyi upande wa pili na hautambai kama mizizi. Unabaki pale ulipouweka, na pembeni ya herufi rangi inajikusanya ikawa nzito. Kivuli cha ukurasa wa nyuma unakiona, sikatai. Mimi kinanipendeza, kama sauti ya jirani upande wa pili wa ukuta. Toleo la Kijapani lina nukuu chini ya kila ukurasa, lakini lipo pia la Kiingereza kwa sisi wengine. Na kwa kuwa mwaka wa shule na wa kiserikali Japani huanza Aprili, kuna toleo linaloanzia mwezi huo. Ukichelewa Januari hujapoteza kitu.

Joto la Dar sasa. Karatasi laini za namna hii hazinywi wino haraka, na Februari usiku, umeme umekatika na feni imelala, kiganja kinatoa jasho. Mafuta ya mkono yakigusa ukurasa, nibu inaruka hapo. Dawa ni rahisi: naweka karatasi ya kukaushia wino chini ya mkono, naisogeza ninavyoshuka.

Ambacho hakina dawa ni peni ya wino unaofutika. Wino wake hupotea kwa joto la msuguano, nyuzi kama 60 hivi. Niliitumia miezi miwili, safi kabisa, hadi nilipoacha daftari juu ya dashibodi, gari likiwa juani Mwenge tangu saa tano hadi saa tisa. Nilipolifungua, kurasa zote za Machi zilikuwa nyeupe. Nilisoma kwamba baridi kali, nyuzi 10 chini ya sifuri na kushuka, hurudisha maandishi, basi nikalifunga kwenye mfuko nikaliweka kwenye friza ya mama anayouzia barafu za ukwaju. Akafunua, akaniita: “Mwanangu, siku hizi hata daftari linaoza?” Maandishi yalirudi. Yalirudi pamoja na kila nilichokuwa nimekifuta, likiwemo jina moja ambalo nililifuta kwa makusudi kabisa.

Tepe za rangi nilinunua chache, na hizo nazitetea. Zile za chapa ya mt zinatengenezwa na Kamoi Kakoshi wa Kurashiki, kampuni iliyoanza mwaka 1923 ikitengeneza karatasi za kunasia nzi. Baadaye ikatengeneza tepe za mafundi rangi, na mwaka 2006 wanawake watatu waliopenda kuzitumia kwa urembo wakaandika kuomba kutembelea kiwanda. Za mapambo zikatokea hapo. Unabandua na kubandika upya bila karatasi kuchanika, hata hii nyembamba, na unyevu wa pwani haujazing’oa. Stika nilizonunua kwenye duka la yeni mia bado ziko kwenye bahasha yake. Zilikuwa rahisi, ndiyo maana nilizibeba.

Kuhusu malipo: siku ile nilivuka yeni 5,000 ndani ya duka moja, nikaonyesha pasipoti, nikasamehewa kodi ya asilimia 10. Nilipojaribu kuagiza nikiwa hapa, usafiri uliikaribia bei ya daftari lenyewe, na VAT ya asilimia 18 inakusubiri huku. Ukiagiza, jichangeni watu wanne watano, mzigo uwe mmoja.

Shemeji anakwenda Osaka mwezi ujao. Nimemtumia ujumbe: shajara moja, madaftari mawili yasiyo na mistari, chupa ya wino. Amenijibu, “Stika je, hutaki?” Nimemwambia azipite tu, asitazame.