Kupanga nje ya mji Dar: Kimara, Tegeta, Kigamboni au Mbezi?

Chumba na sebule cha bei poa Dar mara nyingi kiko mbali na lami, na ile nafuu yote inaishia kwa bodaboda. Piga hesabu ya kodi na nauli pamoja. Tuseme Kimara umetajiwa 200,000 kwa mwezi, Mbezi Makabe 130,000. Nafuu ni 70,000. Lakini boda kutoka kituoni hadi mlangoni ikiwa 1,500, kwenda na kurudi siku 26 za kazi ni 78,000, na hapo daladala bado hujapanda.

Kwa anayefanya kazi Posta au Kariakoo, namba moja kwangu ni Kimara, ila iwe ile ya kutembea kwa miguu hadi kituo cha mwendokasi: Kimara Mwisho, Korogwe, Bucha au Baruti. Ukipandia Kimara Mwisho unaweza kupanga foleni ukapata siti. Baruti asubuhi basi linakuja limeshajaa. Kimara ni vilima na mabonde, kwa hiyo "dakika tano tu" za dalali zitembee mwenyewe, tena jioni ukiwa umechoka. Na mvua kubwa ikinyesha, Jangwani hujaa maji na safari za kuingia mjini husitishwa. Siku hizo uwe na njia nyingine.

Namba mbili ni Kigamboni, upande wa karibu na kivuko. Pantoni kwa mtembea kwa miguu ni shilingi 200, na ukishuka Magogoni mwendokasi ya Kivukoni iko palepale. Pantoni ikiharibika, unazunguka Daraja la Nyerere.

Tegeta naiweka ya tatu, lakini kama kazi yako iko Mwenge, Mikocheni au Masaki, ipandishe iwe ya kwanza, maana Barabara ya Bagamoyo inakupeleka upande huo. Mbezi Louis inamfaa mwenye usafiri wake, au anayesafiri mikoani kila mara, kwa kuwa Stendi ya Magufuli iko hapohapo.

Popote utakapochagua, wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mkupuo, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Kwa nyumba ya 200,000 andaa 1,400,000, bado gari la kuhamishia vyombo. Usitoe hata senti kabla hujaona mita ya LUKU. Kama ni ya kuchangia, uliza mnagawanaje, na nani ana friji. Kodi ya majengo nayo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021; ni mzigo wa mwenye nyumba, basi mkubaliane atakurudishiaje na muiandike kwenye mkataba. Habari za maji waulize wapangaji wa hapo, dalali akiwa hayupo.