Koili feki, koili za mtumba na koili mpya orijino: uzoefu wangu na gari lililokuwa likizima barabarani

Nimetumia aina tatu za koili, yaani kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, kwenye gari moja, na ninasema bila kusita kwamba koili ya mtumba iliyotoka Japani imenifaa kuliko koili "mpya" za bei ya chini zilizokuja kwenye boksi zuri. Lakini kabla ya bei na maduka kuna jambo natamani kila mwenye gari alijue, maana linagusa usalama wa watu walio ndani. Gari kumisi, yaani silinda kushindwa kuwasha mafuta yake na gari kutetemeka, na gari kuzima ghafla ukiwa kwenye mwendo ni magonjwa mawili. Fundi asiyeyatenganisha atakuuzia kifaa hiki, kesho kile, na gari litazima tena.

Gari langu ni dogo la Kijapani, injini ya 1.5 yenye silinda nne, la kizazi kile ambacho kila plagi ina koili yake juu. Koili inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi volti 20,000 au 40,000, ili cheche iweze kuruka kwenye ncha ya plagi na kuwasha mafuta. Ndani yake kuna waya mnene wenye mizunguko michache na waya mwembamba sana wenye mizunguko maelfu, vyote vimezamishwa kwenye gundi ngumu inayozuia umeme usivuje. Na yote hayo yamekaa juu ya kichwa cha injini, penye joto na mtikisiko kuanzia unapowasha gari mpaka unapolizima.

Ya kwangu yalianza na misi. Gari likipanda mlima linatetemeka, nguvu inapungua, taa ya injini inawaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Hapo niseme kidogo kuhusu hiyo taa, maana wengi wanaichukulia sawa iwe imetulia au inamweka. Ikitulia, unaweza kufika gereji. Ikimweka, maana yake kuna silinda inatupa mafuta ambayo hayajaungua kwenye ekzosi, na mafuta hayo yanakwenda kuungulia kwenye masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi. Masega yakiyeyuka, gharama yake inazipita koili zote nne. Punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, tafuta fundi siku hiyohiyo.

Gereji niliyokwenda hapa Dar es Salaam ilipima kwa mashine, ikaona hitilafu ya silinda ya pili, P0302, na papo hapo wakanishauri kubadilisha koili zote nne. Walikuwa nazo dukani. Boksi lina nembo ya kampuni kubwa, kuna karatasi inayong'aa, bei ya zote nne inakaribia bei ya koili moja mpya orijino. Zikafungwa. Gari likawa laini kama lilivyokuwa lilipotoka bandarini, na kwa miezi kadhaa sikuwa na la kulalamika.

Kisha likaanza kuzima. Safari hii hakukuwa na kutetemeka wala taa kumweka kwanza. Ninatembea vizuri, mara kimya, mshale wa injini unaanguka, taa zote za dashibodi zinawaka, usukani unakuwa mzito. Mara ya kwanza ilikuwa Kimara, foleni ikiwa inatembea. Fundi wa jirani alifungua boksi la fyuzi, akakuta moja ya ampea 15 imeungua, akaweka nyingine, gari likawaka. "Fyuzi imechoka tu, dada." Lilipozima tena, gereji ikasema pampu ya mafuta. Wakabadilisha pampu, na katika kazi hiyo wakabadilisha fyuzi pia. Gari likawaka, pampu ikapata sifa ambayo ilikuwa ya fyuzi ya bei ya peremende.

Iliponiudhi hasa ni safari ya Iringa na familia. Barabara kuu inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na ni humo gari lilipoamua kuzima, jua la saa nane, watoto nyuma, tembo wanaonekana kwa macho upande wa kushoto. Huwezi kushuka ukaanza kukagua injini hapo. Dereva wa lori alisimama nyuma yetu, akatuambia tubaki ndani, akatuvuta mpaka Mikumi mjini. Namshukuru hadi leo. Fundi wa pale akakuta fyuzi ileile imeungua, akaweka mpya. Tukapita Ruaha Mbuyuni, tukapanda mlima wa Kitonga moyo ukiwa mkononi, malori mbele na nyuma, kona baada ya kona. Lilizima tulipokaribia Ilula. Kwenye kona za Kitonga sijui ingekuwaje.

Mtu aliyelimaliza tatizo hili ni mzee mmoja fundi umeme wa magari pale Iringa mjini, na huduma yake ndiyo ninayoipa alama zote. Nilimwamkia, nikaanza kumsimulia habari za pampu. Akaniacha nimalize, akauliza swali moja: fyuzi iliyoungua ni ileile kila mara? Nikasema ndiyo.

"Mwanangu, fyuzi haiungui bure. Kuna kitu kinaula umeme, na kinaula kikiwa cha moto."

Akamwambia kijana wake alete multimita haraka kabla injini haijapoa. Akachomoa soketi za koili zote nne, akapima kila koili kati ya mguu unaoingiza umeme na mguu wa hasi. Tatu zilisoma sawasawa. Ya nne ilikaribia sifuri, yaani umeme ulikuwa unapita moja kwa moja kama waya uliogusana. Akaziweka mezani, tukanywa chai, zikapoa. Akapima tena, na ile mbovu ikasoma kama wenzake. Ndiyo maana mashine ya gereji haikuona kitu: kila mara gari lilipofika gereji lilikuwa limepoa.

Maelezo yake yalinifungua macho. Kwenye gari la koili moja moja, koili ikifa yenyewe, silinda tatu zinabaki zinafanya kazi. Gari linatetemeka na kukosa nguvu, lakini haliwezi kukata ghafla lote. Likikata lote, uliza ni kitu gani silinda zote nne zinakitegemea kwa pamoja. Kwenye gari langu koili zote zinapata umeme kupitia fyuzi moja. Koili moja ikipiga shoti ndani, fyuzi inaungua, na zote nne zinakosa umeme kwa sekunde moja. Vitu vingine vinavyoweza kuzima injini yote ni sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini), ambayo nayo hupenda kugoma ikipata joto, pampu ya mafuta, rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha), na swichi ya funguo. Kwenye magari ya zamani yenye distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, koili ni moja kwa injini nzima, kwa hiyo huko ikifa ndiyo mwisho wa safari.

Alinionya pia kuhusu kitu ambacho nilishawahi kukisikia mitaani kama ushauri: kuweka fyuzi ya ampea 30 pale pa 15 ili isiungue. Fyuzi haitaungua, ni kweli. Utaungua waya, na waya ukiungua chini ya dashibodi gari linawaka moto.

Swichi ya funguo isidharauliwe. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliita magari yapatayo milioni 2.6 yarudi kurekebishwa, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, kwa sababu swichi ilikuwa legevu na ingeweza kuteleza yenyewe gari likiwa kwenye mwendo. Injini inazima, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa haifunguki ajali ikitokea. Mfuko wa fidia uliothibitisha madai ulihesabu vifo 124. Tangu nilipojua hilo, funguo ya gari langu inaning'inia peke yake, bila rundo la funguo za nyumba na ofisi. Na koili mbovu si tatizo la magari ya mtumba peke yake wala la kwetu peke yetu. Miaka ya 2001 hadi 2003 magari mapya ya Volkswagen na Audi huko Marekani yalikuwa yakifa koili hadi kampuni ikalazimika kuzibadilisha kwa gharama yake.

Sasa koili zenyewe. Pale Iringa mzee alinitafutia koili moja ya mtumba ya Denso, kampuni ya vipuri ya Kijapani, iliyotolewa kwenye injini iliyokuja kutoka Japani. Ina mikwaruzo, mpira wake una rangi ya kuzeeka, lakini maandishi yake yamechongwa kwenye plastiki na namba inalingana na ya gari. Ile feki nembo yake ilikuwa ya kubandika, na ukiishika mkononi ni nyepesi kuliko ya mtumba. Tulirudi Dar es Salaam kwa koili hiyo moja ya mtumba na tatu feki, gari halikuzima tena. Baadaye zile feki zikaanza kumisi, moja baada ya nyingine, huku ya mtumba ikiendelea na kazi. Hapo ndipo nilipokwenda Kariakoo, upande wa Gerezani, nikiwa na namba nimeiandika, nikanunua mpya orijino tatu kwenye duka linalotoa risiti na kukubali kurudishiwa. Ni ghali, zinauma. Ila ukijumlisha koili feki, pampu isiyohitajika, kuvutwa na kulala Iringa bila kupanga, nimeshalipa bei ya orijino na chenji.

Kabla hujatoa hata shilingi, mwombe fundi afanye jaribio hili mbele yako. Kama mashine inasema P0302, achukue koili ya silinda ya pili aiweke ya tatu, na ya tatu aiweke ya pili, afute hitilafu, mwende mzunguko. Hitilafu ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, tatizo ni plagi, nozeli inayopuliza mafuta, waya au injini yenyewe. Halichukui muda na halihitaji kununua chochote. Jua tu kwamba vile vifaa vidogo vya kupimia kwa simu havisomi baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, kwa hiyo kikikataa kuunganika usidhani gari ni zima.

Plagi nazo. Plagi iliyolika ina nafasi kubwa kwenye ncha, na koili inalazimika kusukuma volti nyingi zaidi ili cheche iruke, inapata joto, inakufa mapema. Kuweka koili mpya juu ya plagi iliyochoka ni kuiua koili mpya. Mzee alipochomoa koili alinionyesha pia oili iliyokuwa imejaa kwenye shimo la plagi ya tatu, inayovuja kwenye sili za tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini. Oili hiyo inalainisha mpira wa koili mpaka umeme unavujia pembeni. Sili zilibadilishwa hapohapo, kazi ndogo. Na wanaoosha injini kwa maji ya presha wakatazeni kabisa.

Likikuzimia barabarani: washa taa za hazadi, shika usukani kwa nguvu, unageuka ila ni mzito. Breki bado ina akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, kwa hiyo kanyaga kwa kuendelea bila kuachia na kukanyaga tena. Gia ya otomatiki iweke N, ujaribu kuwasha huku linatembea. Usirudishe funguo nyuma hadi mwisho, usukani unaweza kujifunga. Ile koili ya mtumba bado ipo kwenye injini hadi leo, na ndani ya dashibodi nina fyuzi za ampea 15 na koili ya akiba ya aina hiyohiyo.