IP ya kudumu niliyouziwa Lubumbashi: nyota moja, labda tatu

Nianze na kijana wa gishe, dirisha la wateja la kampuni ya intaneti, maana bila yeye nisingeandika kitu. Nilimwekea simu yangu mezani, picha ya ukurasa wa ruta iko wazi, nikamwonyesha IP yangu, yaani namba ya anwani kwenye mtandao, inaanza na 10, nikamwambia hii siyo niliyolipia. Akaiangalia, akacheka puani, akasema: "Papa, uliomba IP fiksi. Hii ni fiksi. Haibadilikake." Nyuma yangu watu walikuwa kwenye foleni ya kulipa abonema, na mama mmoja akaguna kama vile mimi ndiye ninayewachelewesha wote bure.

Haibadilikake! Hata kompyuta yangu ya chumbani niliipa 192.168.1.10 mwenyewe, nayo haibadiliki, na hakuna anayenitoza dola kila mwezi kwa ajili yake. Namba zote zinazoanza na 10, pamoja na 192.168, na zile za 172.16 mpaka 172.31, zimetengwa kwa matumizi ya ndani. Wewe unaweza kuwa nayo Katuba hapa Lubumbashi, mwingine Kinshasa, mwingine Brazil, wote namba ileile, na hakuna mtu wa nje anayeweza kumfikia hata mmoja wenu kwayo. Kuniuzia hiyo ni kuniuzia namba ya nyumba bila jina la avenyu. Nilimweleza hivyo. Akaniuliza: "Lakini Yutubu iko inapita, ao haipite?"

Hilo swali ndilo lililoniwasha. Yutubu inapita, ndiyo. Mimi sikuja kwa sababu ya Yutubu.

Nina seva ya OpenSimulator nyumbani, kwenye kompyuta ya zamani iliyo chini ya meza ya televisheni. Ni dunia ya kompyuta, mtu anaingia na avata yake, yaani sanamu inayomwakilisha, anatembea, anajenga. Mimi nafundisha michoro ya ufundi, na nilianza kujenga mle vipande vya Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi: nyumba za matofali zenye baraza ndogo, ua wa nyuma, mwembe. Eneo moja la kawaida ni mita 256 kwa 256, kwa hiyo mitaa michache inaenea vizuri. Watoto wa mdogo wangu wako Likasi, mji mwingine, nao wanataka kuingia kujenga pamoja na mimi. Ndiyo maana nilihitaji anwani inayofikika kutoka nje. Nilieleza haya yote siku ya kuomba, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na yule aliyenipokea siku ile alitikisa kichwa kila sentensi. Aliandika nini kwenye fomu, Mungu anajua.

Kuhusu programu yenyewe sina ugomvi mkubwa. Ni huria, ilianza 2007, mwaka uleule Linden Lab walipofungua msimbo wa programu ya kuingilia Second Life, dunia yao ya kompyuta, na mimi naingilia na programu ya Firestorm bila kulipa chochote. Ila kuna jambo moja ambalo mtu asiyelielewa atazeeka nalo, na watu wa gishe hawataki kulisikia kabisa. Kuingia kuna hatua mbili. Ya kwanza, unatuma jina na neno la siri kwenye poti 9000, mlango wa seva wenye namba hiyo, kwa njia ya TCP, kama ukurasa wa kawaida wa wavuti. Seva inakujibu: karibu, nenda kwenye anwani fulani, eneo lako liko huko. Hatua ya pili ndipo Firestorm inaanza kuongea na anwani hiyo kwa UDP, njia nyingine ya kutuma data. Anwani hiyo seva haiibuni. Inaitoa kwenye faili la Regions.ini, mstari wa ExternalHostName. InternalAddress unaiacha 0.0.0.0, maana yake sikiliza kila upande, InternalPort 9000, umemaliza. ExternalHostName ndiyo inayoamua. Ukiweka 192.168 pale, nyumbani mnaingia wote, lakini mtu wa Likasi anaambiwa aende 192.168, anaitafuta ndani ya nyumba yake mwenyewe, haipati, anabaki amekodoa macho kwenye kioo.

"Yaya, jina linapita, kisha iko inasema tungoje eneo," mdogo wangu ananiambia kwenye simu. Tungoje mpaka lini?

Kwa hiyo bila anwani ya umma, yaani inayofikika kutoka nje, hakuna faili litakalokuokoa. Kabla ya kununua hiyo "fiksi", ruta yangu ilikuwa inaonyesha kwa upande wa nje namba ya 100.70 na kitu, huku tovuti za kuangalia IP zikinionyesha namba nyingine kabisa. Ukiona hivyo usipoteze usiku kufungua poti kwenye ruta. Kila kitu kati ya 100.64 na 100.127 kimetengwa tangu 2012 kwa ajili ya makampuni ya intaneti, ili wateja wengi wachangie anwani moja ya umma. Poti unayofungua inafunguka kwako tu. Mlango mkubwa uko kwa kampuni, na ufunguo wake huna.

Shefu wa ajensi aliitwa baada ya sauti yangu kupanda. Mtu wa makamo, shati safi, alinipa kiti, na hapo nilitulia kidogo. Akaniambia anwani za umma zimeisha duniani. Si uongo, nami nilimkubalia: IPv4, mfumo wa namba hizi tunazotumia, nzima ina anwani kama bilioni 4.3 tu, na AFRINIC, wanaozigawa Afrika, tangu Januari 2020 wako kwenye awamu ya mwisho ya kugawa kwa kubana. Kampuni ya hapa kwetu haziokoti barabarani. Ninaelewa. Lakini kama zimeisha, mlikuwa mnaniuzia nini? Akasema niandike barua. Nikaandika palepale, kwenye karatasi yao, kwa kalamu yao, nikaomba wanigongee muhuri kwenye nakala. Kijana wa gishe aligonga muhuri bila kunitazama usoni.

Siku ile ningekuwa na kompyuta mkononi ningewapa nyota moja, tena kwa sababu sifuri hairuhusiwi.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inaharibika. Jioni ya siku kadhaa baadaye, kuranti ya umeme imetoka kurudi, napigiwa simu na teknisye wao, mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka. Hakuniuliza habari za Yutubu. Aliuliza: "Papa, seva yako inatumia TCP ao UDP?" Nilitaka kulia. Nikamwambia zote mbili, poti 9000. Akasema: "Ile namba walikupa ni ya ndani yetu. Kwa kazi yako haifae. Zima ruta, ngoja kidogo, washa." Nikazima, nikawasha, na kwa upande wa nje ikatokea anwani ya umma, ya kweli, ileile inayoonekana kwenye tovuti. Kazi iliyonipeleka ajensi mara chungu nzima, yeye aliimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Kwa nini mtu kama yule hakai gishe? Labda wanamficha.

Hakufanya bila kasoro, nalo niliseme. Alinifungulia poti kutoka kwao, akajaribu kwenye tovuti ya kupima poti, ikasema 9000 iko wazi, akafurahi. Likasi bado wanangoja eneo. Tovuti nyingi za namna hiyo zinapima TCP peke yake. UDP inaweza kuwa imefungwa kama kaburi na zenyewe zikakupongeza. Nilimpigia tena, akashika simu (alishika!), akaongeza mstari wa UDP. Dakika ileile avata ya binti wa mdogo wangu ikatua katikati ya baraza langu la Kamalondo, mikono imetanuka, nywele bado hazijapakuliwa. Tulipiga kelele pande zote mbili za simu.

Kisha mimi nikashindwa kuingia kwangu.

Wa Likasi anaingia, mimi niliye mita mbili kutoka kwenye seva naangalia kioo cheusi. Ruta waliyonipa haijui kugeuza: pakiti ya data inatoka laptopu yangu kwenda anwani ya nje, ambayo ni ya ruta yenyewe, na ruta inaitupa badala ya kuirudisha ndani kwenye seva. Kwa muda nilikuwa naingia kwa mega za simu, yaani bando la intaneti. Fikiria ujinga huo, nanunua mega ili nifike kwenye mashine ninayoweza kuigusa kwa mguu. Kijana wa gishe, nilipomuuliza kama wana ruta nyingine, akaniambia hiyo ni "ya kisasa". Yeye tena!

Nilinunua mwenyewe ruta ya MikroTik ya mkono wa pili. Kwa atakayefuata njia hii: sheria ya dst-nat, ile inayoelekeza pakiti kwenye seva, iandike kwa kutaja anwani ya nje kama dst-address, usiifunge kwenye kiolesura cha kuingilia, la sivyo pakiti za ndani hazitaigusa. Halafu ongeza masquerade, ili pakiti zionekane zimetoka kwa ruta, kwa trafiki inayotoka mtandao wa ndani kwenda kwenye seva. Ya kwanza bila ya pili haifanyi kazi, kwa sababu seva itakujibu moja kwa moja kwa 192.168 na laptopu yako itakataa jibu kutoka kwa mtu ambaye haikuongea naye. Tangu hapo naingia kama mgeni yeyote.

Kwa hiyo nyota ngapi? Jana ningesema tatu. Mtandao hausumbui, anwani haijabadilika tangu usiku ule, hata kuranti ikikatika na kurudi namba inabaki ileile. Mama teknisye peke yake namwekea tano. Lakini leo asubuhi imeingia fakitire ya kulipa, na ina mistari miwili: "IP fiksi", na chini yake "IP pibliki", yaani ile ya umma. Wananitoza zote. Ile ya 10, ambayo sina tena, ambayo sijawahi kuhitaji, ambayo nina barua yenye muhuri wao kwamba haifai, bado inahesabiwa kwa jina langu, na bei yake imepanda kidogo! Nimepiga namba yao, kanda imenichezea muziki mpaka mega zikaisha.

Nimelipa. Nimelipa zote mbili, maana Likasi wanajenga kanisa na wamefika kwenye paa, sitaki wakatwe hapo. Mwezi ujao nitaenda na nakala ya barua, na safari hii sitakaa kwenye kiti cha shefu. Weka mbili. Ikifutwa ile ya 10, nitarudi kubadilisha.