Konekta za faiba: tazama rangi kabla ya umbo

Karibuni watazamaji. Mezani leo nimepanga konekta za faiba, yaani vichwa vya kuunganishia nyaya zake, na naanza na hii ya kijani ya aina ya SC maana ndiyo wengi mnakutana nayo pale faiba inapoingia nyumbani. Kichwa cha mraba: ukiisukuma inaingia, ukiivuta inatoka.

Nasogeza kamera. Hiki kijiti cheupe cha kauri ni feruli, kipenyo chake milimita 2.5, na unyuzi wa kioo umepita katikati yake. Mnaona ncha ilivyochongwa mshazari? Ni digrii 8. Hiyo ndiyo APC: mwanga unaoakisiwa unatupwa pembeni badala ya kurudi kwenye leza. Hii ya buluu ni UPC, ncha yake imeviringwa kidogo tu, haina mshazari.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kijani na buluu zinaingia kwenye adapta moja, yaani kile kipande kinachounganisha konekta mbili, bila shida yoyote, tena zinabana kabisa, lakini ncha hazikutani sawasawa. Pengo la hewa linabaki, mwanga unapotea, na kioo kinaweza kukwaruzika. Kijani kwa kijani, buluu kwa buluu, basi.

Aina ya pili, LC hii hapa, ndiyo chaguo langu kwa swichi za mtandao na seva. Feruli yake ni milimita 1.25, nusu ya SC, kwa hiyo milango mingi inaenea kwenye nafasi ndogo. Ila rafu ikijaa, vidole havifikii kibanio. Tafuta yenye mkia wa kuivuta.

ST, ya kuingiza na kuzungusha, utaikuta kwenye mitandao ya zamani. Kwa kazi mpya siipendekezi. FC inafungwa kwa skrubu, haitikisiki, ndiyo maana bado ipo kwenye vifaa vya kupimia. Na MPO hii pana ina nyuzi 12 kichwa kimoja, nyingine hata 24, ni ya vituo vya data. Kabla hujainunua hakikisha kwamba kati ya konekta mbili zitakazokutana, moja ina pini na ya pili haina.

Yoyote utakayochukua, isafishe kabla ya kuichomeka, pande zote mbili, hata ikiwa mpya. Njia ya mwanga kwenye faiba ya singo modi, ile ambayo mwanga hupita kwa njia moja tu, ina upana wa takriban mikromita 9, kwa hiyo chembe ya vumbi usiyoiona inatosha kuiziba. Na usichungulie ncha ya faiba inayofanya kazi: mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kuumiza jicho.