Koni za karatasi za kuzungushia uzi: ipi ununue, ipi uiache

Koni ni kitu cha bei ndogo, ndiyo maana ofisi ya ununuzi huipa dakika tano tu: mwenye bei ya chini anapewa oda, kazi imekwisha. Hasara inakuja baadaye, kwa mteja wa sweta ambaye mashine yake inakata uzi mara kwa mara. Yeye analaumu uzi, msokotaji analaumu mashine, na koni iliyo katikati yao hakuna anayeigusa.

Uzi unapotumika hutoka kwa kupita juu ya ncha ya koni, tena kwa kasi. Koni ikiwa imejaa, ncha haina neno. Zikibaki tabaka chache, uzi unaikwaruza moja kwa moja, na ukingo wenye nyufa au gundi iliyotokeza unachuna nyuzinyuzi hadi uzi ukatike. Kwa hiyo mimi napanga koni kwa ncha kwanza, uzito pili, bei baadaye.

Pembe, yaani mteremko wa ubavu wa koni, huichagui kwa kupenda, kwa sababu inaamuliwa na mashine yako na ya mteja wako. Zinazozunguka sokoni ni hasa nne: 3°30′, 4°20′, 5°57′ na 9°15′. Lebo ya katoni usiiamini peke yake. Chukua vernia, kile kipimo cha taya mbili cha kupimia vipenyo, pima kipenyo cha kitako, toa kipenyo cha ncha. Kwa koni yenye urefu wa milimita 170, tofauti ya karibu milimita 35 ni 5°57′. Karibu 26 ni 4°20′. Karibu 55 ni 9°15′. Karibu 21 ni 3°30′. Pembe isiyolingana na vishikio vya mashine huifanya koni icheze, na uzi unajipanga vibaya tangu mizunguko ya kwanza.

Mashine zikiiruhusu, namba moja kwangu ni 5°57′ yenye ncha iliyoviringwa na kulainishwa, mwili wenye mkwaruzo kidogo, na mfereji mwembamba karibu na kitako. Mkwaruzo unazuia tabaka za kwanza kuteleza. Mfereji unashika mkia wa uzi, ule ambao fundi wa mashine ya kufuma fulana au soksi huufunga na mwanzo wa koni inayofuata ili asisimamishe kazi. Kiwanda kinachouza uzi kwa wafumaji wa namna hiyo hakina haja ya kuhangaika zaidi ya hapa.

Ya pili ni 4°20′. Uzi wako ukitoka kwenye mashine za rota, zile zinazosokota kwa kikombe kinachozunguka kasi, au ukienda kwenye mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana wa kitambaa, hii ndiyo inayopanda kuwa ya kwanza. Masharti ya ncha ni yaleyale.

Ya tatu ni koni ya plastiki, na najua wapo watakaoniona mkaidi kuiweka chini. Haibonyei, hainywi unyevu, inaoshwa. Lakini faida yake yote iko kwenye kurudi kwako itumike tena. Kama unasokota na kufuma chini ya paa moja, inunue leo na uiruke karatasi kabisa. Ukiuza uzi kwa mteja wa mbali, plastiki yako imekwenda na hairudi. Uzi wa kutiwa rangi ukiwa kwenye koni ni habari nyingine: huo unataka plastiki au chuma chenye matundu, maana karatasi ya kawaida haiingii kwenye pipa la rangi ikatoka salama.

9°15′ nunua tu kama mashine yako au ya mteja inaidai. 3°30′ vivyo hivyo.

Sasa uzito, ambao wengi hawaupimi. Mfuko wa kawaida wa biashara ya uzi una koni 24 na kilo 45.36 za uzi, yaani kama kilo 1.89 kwa koni. Ukipima mfuko mzima na kutoa uzito wa koni kwa makadirio, gramu 5 za kosa kwa kila koni ni gramu 120 kwa mfuko. Kwenye tani 10 ni kilo 26 na ushee. Koni zikiwa nzito kuliko makadirio, mteja amepunjwa na siku moja atapima. Zikiwa nyepesi, umegawa uzi bure. Weka kumi kwenye mizani, moja moja. Zikitofautiana sana, rudisha.

Jaribio la ncha halina gharama: vuta soksi ya nailoni kuizunguka. Ikinasa popote, uzi nao utanasa. Na kama kiwanda chako hutia uzi mvuke baada ya kuzungusha, omba sampuli uzipitishe humo kabla ya kusaini chochote, kwa kuwa gundi dhaifu huachia hapo na koni inalegea ndani ya uzi uliokwisha kuuzwa. Pwani wakati wa masika, ziweke juu ya mbao, mbali na ukuta, ndani ya nailoni yake.

Rangi za koni si urembo. Pamba tupu na pamba iliyochanganywa na polista zinafanana machoni, ila rangi haziipokei sawa. Koni moja ikipotea njia, mstari unaonekana baada ya kitambaa kutiwa rangi, wakati ambapo hakuna la kufanya. Agiza rangi moja kwa kila aina ya uzi, na usikubali muuzaji akubadilishie eti ya kijani imeisha.

Mkiani kabisa ni koni zilizotumika. Ncha zimeliwa, vitako vimebonyezwa na vishikio, na rangi zake ni za uzi wa mtu mwingine. Karakana ndogo za sweta za shule zinaweza kuzitumia kuzungushia mabaki kwa mkono. Kwenye mashine ya kasi, inayozungusha mita elfu na zaidi kwa dakika, hapana, hata ukipewa bure.