Hita ya shawa: kwetu dawa ilikuwa tanki, si hita mpya

Kwa mnaoishi Njombe, Makete, Mufindi na kwingineko kwenye baridi kali, huu ni uzoefu wangu wa hita ya shawa ya wati 5,500, ile inayofungwa palepale kwenye bomba la bafuni. Niliinunua hasa kwa ajili ya mama mzazi, tunayeishi naye.

Mwanzoni maji hayakutulia. Umeshajipaka sabuni, mara yanaunguza, mara yanakuja ya baridi. Mtu akifungua koki ya jikoni, hita inakata. Fundi wa kwanza akasema hita ni feki, ninunue nyingine. Nikakataa.

Fundi wa pili aliifungua akanionyesha kiwambo cha mpira ndani yake. Maji yakisukuma vizuri kinainuka na umeme unawaka. Presha ikishuka kinaachia. Tena hita hizi hazipimi joto. Umeme ni uleule, kwa hiyo kinachoamua ni wingi wa maji: yakipita lita 3 kwa dakika yanaongezeka joto kama nyuzi 26, yakipita lita 5 ni kama nyuzi 16 tu. Kwa maji ya Julai ya huku kwetu, nyuzi 16 hazitoshi kabisa.

Simtanki letu lilikuwa limeizidi shawa kwa mita moja hivi, na kila mita ya kimo inatoa presha ya bar 0.1 tu. Tukainua mnara, tukaivutia shawa bomba lake peke yake, tukazibua vitundu vya shawa vilivyojaa mchanga. Sasa vyombo vinaoshwa jikoni na mama anaoga kwa raha zake. Akitaka moto zaidi, anapunguza koki kidogo.

Kwenye umeme, tafadhali msibane hela. Hita hii inavuta karibu ampea 24, na waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 utachemka. Wekeni waya wa 6, breka yake yenyewe, na eathi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) iliyopimwa. Bila eathi, mtoto wangu haingii humo.

Luku nayo inakwenda: dakika 10 ni karibu uniti 0.9. Familia kubwa mtatoka upesi kwenye kundi la TANESCO la chini ya uniti 75 kwa mwezi, na bei ya uniti itapanda. Sisi tumetoka, na kwa afya ya mama nalipa bila kinyongo. Wenye maji ya kisima yenye chumvi, ulizeni hita ambayo koili yake, ile inayopasha maji, imefunikwa. Ya kawaida italiwa mapema.