Mota nne juu ya shokapu: EDFC Active Pro kwenye Impreza yangu, Dar hadi Iringa

Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa nimeshalipiga gari langu picha za kuliuzia. Ni Subaru Impreza WRX STI ya 2006, toleo linaloitwa GDB, injini ya lita 2 yenye turbo, gia sita za mkono. Nililitamani tangu nasoma sekondari, na nilipolipata nililitunza kama mtu anavyotunza shamba la urithi. Sababu ya kutaka kuliuza ilikuwa mama. Kilichonizuia ni EDFC Active Pro, mfumo wa mota zinazobadilisha ugumu wa shokapu ukiwa umekaa kwenye kiti.

Mama anaishi Iringa. Ana tatizo la pingili za mgongo, na kila baada ya miezi mitatu anashuka Dar kuonana na daktari. Basi limeshamshinda, kwa hiyo mwezi wa saba nilimrudisha mwenyewe nyumbani. Tulipoingia kwenye matuta ya hifadhi ya Mikumi alikamata mshikio wa juu ya mlango kwa mikono miwili, akanyamaza. Tulipofika Ruaha Mbuyuni akaomba tusimame anyooshe kiuno. Akazunguka gari taratibu, akaligusa boneti, akasema: "Mwanangu, gari lako ni zuri, lakini linanipiga." Usiku ule sikupata usingizi.

Shokapu zangu zilikuwa nzima kabisa. Nilifunga shokapu za kampuni ya Tein ya Japani, aina ya Flex Z, miaka miwili kabla, kwa sababu zile za kiwandani zilikuwa zimechoka. Flex Z ina hatua 16 za kurekebisha ugumu: juu ya kila shokapu kuna kidude cha kuzungusha, nacho kinasogeza sindano inayobana au kufungua njia ya mafuta ndani. Njia ikibanwa, mafuta yanapita kwa shida na gari linatulia kwenye kona, lakini kila shimo linapanda hadi kiunoni. Ikifunguliwa, abiria anapumzika, ila ukishika breki pua inainama na kwenye kona mwili wa gari unalala.

Mtu ataniuliza, si ungezungusha tu ukalainisha? Nilizungusha. Mbele ni rahisi, unafungua boneti. Nyuma, kwenye GDB, inabidi kung'oa kiti ndipo uzifikie. Huwezi kung'oa kiti Chalinze kwa sababu barabara imebadilika, ukaking'oa tena Mikumi, kisha Kitonga. Matokeo yake kila mwenye shokapu za namna hii anachagua ugumu mmoja na kuishi nao, na mimi nilichagua ule unaonipendeza mimi nikiwa peke yangu.

EDFC Active Pro inatatua jambo hilo hilo. Ni kidhibiti kidogo cha kukaa dashibodi, pamoja na mota nne ndogo. Unatoa kile kidude cha kuzungusha kwa mkono, mota inakaa mahali pake na kuizungusha sindano badala yako. Kidhibiti kina sensa inayohisi gari linaposukumwa mbele, nyuma na pembeni, na ukikiongezea antena ya GPS kinajua na mwendo wako. Unaweza kubonyeza mwenyewe ukiwa umekaa kwenye kiti, au ukakipa masharti kikafanya kazi: ukishika breki mbele kukaze, ukiingia kona upande wa nje ukaze, ukishuka chini ya mwendo fulani pote pawe laini. Kila tairi linaamriwa peke yake. Hicho ndicho kilichonifanya nichukue Pro. EDFC Active ya kawaida haishughuliki na nguvu ya pembeni.

Kabla hujatamani, elewa hili. Mota hizi hazikai juu ya shokapu yoyote. Zinahitaji Tein ya aina inayokubali EDFC, na uzi wa skrubu wa mota, M10 au M12 (yaani unene wa milimita 10 au 12), lazima ulingane na shokapu yako. Shokapu za kiwandani za GDB hazina pa kuzungusha, kwa hiyo hapo huna pa kuanzia. Na kama shokapu inavuja mafuta au bushi zimekufa, usinunue kitu cha umeme. Tengeneza kwanza hivyo. Nimeona watu wakitaka kompyuta iwafiche ubovu wa chuma.

Mimi nilipata seti iliyotumika kutoka Japani: kidhibiti, mota nne, waya zake na antena. Hadi inafika mkononi, usafiri na ushuru ndani, ilinitoka milioni 2 na laki 6. Kitabu kilikuwa cha Kijapani. Nilikaa nacho jioni tatu mezani, simu ikinitafsiria ukurasa mmoja mmoja, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo kabla hajampa fundi ufunguo. Mimi nilikisoma lakini sikusimama juu ya kazi, nikalipia.

Fundi wa kwanza alimaliza kwa saa mbili na nusu. Haraka hiyo ilipaswa kunishtua. Aliunganisha waya kwa kuzisokota na kuzifunga tepu ya umeme, akachukua umeme moja kwa moja kwenye waya wa redio, na waya wa mota ya mbele kulia akaupitisha nyuma ya injini. Wenye Subaru za turbo mnajua nyuma ya injini upande wa kulia kuna nini: turbo yenyewe. Wiki mbili mjini kila kitu kilikwenda sawa. Kisha nikaenda Iringa peke yangu, kujaribu kabla sijampakia mama.

Kitonga siku ile ilikuwa na foleni ya malori. Unapanda polepole, hewa haipiti vizuri ndani ya boneti, na turbo inaoka kila kilicho jirani yake. Karibu na juu skrini ikaanza kuwaka ikilalamikia mota ya mbele kulia. Nikasimama Ilula, nikafungua boneti. Ngozi ya waya ilikuwa imeyeyuka kwa urefu wa kidole, shaba inaonekana. Ingegusa chuma, leo ningezungumzia moto.

Kitu kimoja kilinipa moyo pale pale. Mota ikikosa umeme, sindano inabaki hapo ilipoachwa. Gari halilegei ghafla wala halikakamai. Niliendesha hadi Iringa shokapu ya mbele kulia ikiwa imeganda kwenye namba 9 kati ya 16, na nikarudi Dar hivyo hivyo, bila wasiwasi kwenye usukani. Kwa kifaa kinachogusa uthabiti wa gari, huo ni usanifu ninaouheshimu.

Fundi wa pili ni kijana fundi waya wa Tandale, mtu wa maneno machache. Alitazama kazi ya mwenzake, akatikisa kichwa, akaniambia, "Kaka, hii tunaanza upya." Ilimchukua siku nzima na nusu. Alivua kila kiungo, akachomelea kwa risasi, akavisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Umeme akautoa kwenye sanduku la fyuzi, unaokuja ufunguo ukigeuzwa tu, ukiwa na fyuzi yake peke yake. Waya wa kulia akauinua juu, mbali na turbo, ndani ya soksi ya kuzuia joto, ukaingia ndani ya gari kupitia mpira wa kwenye ukuta wa injini, bila kutoboa tundu jipya. Visanduku vinavyoendesha mota tuliviweka ndani, pasipofika maji. Vyenyewe vinapokea amri kutoka kwa kidhibiti bila waya, jambo linalopunguza kazi sana, lakini amri ndizo zinazopita hewani. Umeme bado unataka waya, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Mota inaongeza kimo juu ya shokapu, na boneti inashuka juu yake. Kijana aliomba donge la unga wa chapati kwa mama ntilie wa jirani, akalikata vipande viwili, akaviweka juu ya mota za mbele, akafunga boneti na kuifungua. Vipande vilibaki na unene wa kama sentimita moja na nusu. Nafasi ipo. Sijawahi kuona kipimo kizuri kuliko hicho kwa gharama ndogo kuliko hiyo.

Kidhibiti chenyewe usikibandike kwa gundi laini ya sponji. Sensa iko ndani yake, na kikitikisika kinadhani gari ndilo linalotikisika. Tulikifungia bano la chuma chini ya redio. Kisha ukiwasha mara ya kwanza, mota zote zinazunguka hadi mwisho kutafuta sifuri yake. Hapo unasikia mlio mwembamba kama wa cherehani ndogo nyuma ya kiti. Kumbuka kwamba sifuri ndiyo gumu kabisa, na namba ikipanda gari linalainika. Wengi wanaielewa kinyume, halafu wanashangaa.

Sasa barabara. Kimara hadi Kibaha nilianza na 14 mbele na 15 nyuma. Kwa mara ya kwanza niliivuka Mbezi asubuhi bila kukunja uso kwenye viraka vya lami. Springi ni zile zile, kimo ni kile kile, kwa hiyo usitarajie gari la kifahari. Shimo kubwa bado ni shimo. Kilichoondoka ni ule mpigo mkavu, ule unaofika kwenye meno.

Chalinze hadi Morogoro malori yamechimba mifereji kwenye lami sehemu nyingine. Gari laini sana hapo linayumbayumba likitoka kwenye mfereji mmoja kwenda mwingine. Nimeipangia ikipita kilomita 70 kwa saa ijikaze hadi 9, na ikishuka chini ya 50 irudi 14. Vijiji vyetu vina vibao vya 50 na askari mwenye tochi, kwa hiyo kila unapoingia kijijini na kupunguza mwendo, gari linalainika lenyewe kabla ya matuta. Sikuwahi kufikiri sheria ya barabarani na shokapu zangu vingekuja kuelewana.

Upande wa kona, nimeipa masharti madogo: nguvu ya pembeni ikifika 0.2 G (yaani sehemu moja ya tano ya uzito wa gari), upande wa nje ukaze hatua tatu. Kitonga kwenye kushuka, asubuhi na mapema, barabara ikiwa nyeupe, unausikia mwili wa gari ukianza kulala halafu ukazuiwa, kama mtu aliyekushika begani. Nilijaribu hatua sita nikaziacha; gari lilikuwa linabadilika tabia katikati ya kona, na kwenye barabara yenye bonde upande mmoja sitaki gari linalobadilisha mawazo. Ni mota inayozungusha sindano. Si kama MagneRide, mfumo wa shokapu ulioanza na gari la Cadillac Seville mwaka 2002, ambao mafuta yake yenyewe yanageuka ugumu kwa sumaku. Anayetafuta wepesi wa namna ile aelewe kwamba hivi ni vitu viwili tofauti, na bei zake pia.

Mwezi wa kumi na moja nilimpakia mama. Nikampangia namba yake, 15 mbele na 14 nyuma, na nikazima masharti ya kona kwa sababu sikuwa na nia ya kukimbiza chochote. Tulitoka Dar saa kumi na moja alfajiri. Baada ya Morogoro akalala. Matuta ya Mikumi tuliyapita yote, na niliyahesabu kwa kumtazama kichwa kwenye kioo, hakuamka. Alifumbua macho Ruaha Mbuyuni, si kwa maumivu, ila kwa sababu aliona vitunguu.

Akanunua gunia. Tukalitia kwenye buti, na nyuma ya gari ikashuka. Zamani ningekwenda hivyo hivyo hadi Iringa gari likipiga kifua nyuma. Safari hii nilibonyeza nyuma kutoka 14 hadi 8 tukiwa bado tumesimama kando ya muuza vitunguu, na Kitonga tukaipanda nyuma ikiwa imetulia. Mama aliuliza ule mlio mdogo ni wa nini. Nikamwambia gari linajipanga kwa ajili ya vitunguu vyako. Akasema, "Basi lina adabu siku hizi."

Kwa jumla nimetumia milioni 3 na laki 2, mafundi wote wawili ndani. Ukijua fundi waya mzuri mapema utaokoa laki tatu na safari moja ya hofu. Kwa anayeendesha mjini tu, peke yake, barabara ile ile kila siku, nisingemshauri. Azungushe kwa mkono mara moja, yatosha. Kwa mwenye gari kama langu anayebeba wazazi au watoto, na ambaye njia yake inabadilika mara tano kwa siku moja, ningemwambia aanze kukusanya fedha.

Zile picha za kuliuzia nilizifuta Iringa, nimekaa barazani kwa mama. Waya wa kulia naukagua kila baada ya kilomita elfu moja. Hadi sasa soksi haijabadilika rangi.